Riwaya za malaika na mashetani zibaki maktabani, na za Kiswahili ziandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita, akitaka riwaya zote za vijana zinazosimulia habari za malaika na mashetani ziondolewe katika maktaba za shule za sekondari, kwa hoja kwamba zinawaita mapepo shuleni na kwamba ni uchawi wa Kizungu uliovishwa nguo za elimu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili hapa Tanga, na huu ni mwaka wa sita ninajitolea kutunza maktaba ya shule moja ya kutwa: chumba kimoja, rafu nne, mabenchi matatu na feni isiyozunguka. Simbezi mwandishi yule, kwa kuwa barua yake inaonyesha wazi kwamba ana uchungu na watoto. Uchungu huo ninao na mimi, ila umenifikisha pengine. Naona vitabu hivyo vibaki, na naona ni deni letu, sisi tunaoandika na kuchapa kwa Kiswahili, kwamba kijana wa miaka 15 anayetaka kisa cha namna hiyo analazimika kukitafuta kwa Kiingereza.

Muhula uliopita alinijia binti wa Kidato cha Pili akiwa na kitabu alichokifunika kwa gazeti, kama tunavyofunika madaftari. Nilipokifungua nikakuta ni City of Bones, riwaya ya Cassandra Clare iliyotoka mwaka 2007, ambayo ilitufikia ndani ya boksi la vitabu vya msaada. Gundi ya mgongoni ilikuwa imeachia, na kurasa za katikati zilikuwa zimeshonwa upya kwa uzi mweupe wa cherehani, kwa mkono, mishono midogo midogo iliyopangwa kwa uangalifu. Nilimuuliza nani ameshona. Akaniambia ni yeye, kwa sababu wenzake watano walikuwa wanakisubiri na aliogopa kurasa zisije zikapotea. Katika miaka 31 ya kufundisha sikuwahi kuona mwanafunzi akishona kitabu ambacho hakuna aliyemwamuru akisome.

Nikamwomba aketi anisimulie kwa Kiswahili. Alianza bila kusita: yupo msichana wa miaka 15 wa mjini New York, mama yake anatoweka nyumbani, naye anagundua kwamba wapo watu waliochanganya damu ya binadamu na ya malaika, ambao kazi yao ni kuwinda. Hapo akanyamaza. Kisha akauliza, “Samahani mwalimu, hawa wanaowindwa niwaite mashetani, majini au mapepo?” Nilimwambia atumie neno lolote aendelee, akakataa, akasema kila neno linambadilishia hadithi.

Alisema kweli, na tangu siku ile nimelifikiria sana swali lake. Kiingereza kinamwita kiumbe yule kwa neno moja, na mengine yote mtunzi anayajaza mwenyewe. Kiswahili cha pwani kimekwisha kuwagawa. Iblisi ni mmoja, na mashetani ni wafuasi wake, hawana jema. Majini ni kaumu nzima iliyoumbwa kwa moto, wenye ndoa, watoto na dini zao, wamo wema na wamo waovu, na Kurani ina sura nzima, ya 72, inayoeleza kundi la majini lililosikia kisomo likaamini. Pepo ni yule anayempanda mtu, na aliyepandwa huitwa kiti. Kibwengo ana makazi yake baharini. Kinyamkera huenda na kile kimbunga kidogo cha vumbi kinachozunguka barabarani mchana wa jua kali. Mzimu una mahali pake, kama wanavyojua wanaopeleka ubani na sadaka katika mapango ya Amboni hadi leo. Zimwi ni la hadithi, linameza watoto na kutapishwa. Na neno pepo hilohilo, likibadilishwa ngeli tu, linakuwa makazi ya watu wema baada ya kufa. Mtunzi wa riwaya angetaka hazina gani zaidi ya hiyo?

Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akiishi Pangani, hakumwaga maji ya moto uani usiku hata siku moja bila kusema bismillahi kwanza na kungoja kidogo. Alitueleza kwamba huenda majini wamelaza watoto wao pale chini, na mtu mwenye adabu hamwagii mtoto wa mwenzake maji ya moto. Nilikuwa na miaka 7 au 8. Malaika ya mikononi yalinisimama, nikakaa mlangoni nikiangalia ule mchanga wa uani kwa namna ambayo sijawahi kuuangalia tena mchanga wowote. Sikupagawa. Nilichojifunza ni kwamba dunia ina wakazi wengine, na kwamba hata usiyemwona ana haki ya kuonywa kabla hujamwaga maji. Hicho ndicho anachokitafuta yule binti katika kitabu cha New York, na kilikuwapo uani kwa bibi yangu.

Sasa nije kwenye neno “Kizungu”. Nyingi ya riwaya hizi, zilizofurika Marekani na Uingereza tangu miaka ya 2000, zimejengwa juu ya kisa kimoja cha kale: malaika walishuka duniani, wakawatamani binti za wanadamu, wakazaa nao. Biblia imekigusa kisa hicho kwa ufupi katika Mwanzo sura ya 6, panapotajwa Wanefili, na jina hilohilo ndilo wanaloitwa wale wawindaji katika kitabu alichokishona binti yetu. Kisa kirefu kimo katika Kitabu cha Henoko, andiko la kale la Kiyahudi. Humo malaika 200 wanateremka juu ya Mlima Hermoni na kula kiapo cha pamoja ili asitokee wa kuwageuka wenzake. Mmoja wao, Azazeli, anawafundisha wanadamu kufua panga, visu na ngao, na pia kutengeneza vikuku na kupaka wanja. Nilipowasomea wanafunzi habari ya wanja, chumba kizima kilinyamaza, kwa sababu hawakutegemea malaika aliyeasi kuwa na habari ya kitu kilichomo katika mkoba wa dada zao.

Na kitabu hicho kimetufikiaje? Katika lugha zake za kwanza, Kiaramu na Kiyunani, kilisambaratika, vikabaki vipande na sehemu tu. Kilihifadhiwa kizima katika Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, kwa sababu Kanisa la Othodoksi la Ethiopia halikuacha kukihesabu miongoni mwa Maandiko yake, na waandishi wake waliendelea kukinakili kwa mkono juu ya ngozi, kizazi hadi kizazi. Msafiri wa Uskoti, James Bruce, alirudi Ulaya na nakala zake mwaka 1773; tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka 1821; na katikati ya karne ya 20 vipande vya Kiaramu vikaonekana katika mapango ya Qumran kando ya Bahari ya Chumvi. Wakristo wanaotilia shaka kitabu hiki wasome Waraka wa Yuda, aya ya 14, wataona Henoko akitajwa kuwa mtu wa saba baada ya Adamu na maneno yake yakinukuliwa. Waislamu wengi nao humtambua kuwa ndiye Nabii Idrisa. Kwa hiyo anayeziita hadithi hizi za Kizungu anawapa Wazungu kitu ambacho mapadri wa Kiafrika walikitunza peke yao kwa karne nyingi, wakati Ulaya imekipoteza.

Hapa pwani pia babu zetu hawakuwaficha vijana mambo haya. Katika utenzi wa Ayubu, Iblisi anaruhusiwa kumjaribu mja wa Mungu, anamharibia mali, anamfishia watoto, anauozesha mwili wake, na msomaji anangoja ubeti hadi ubeti aone lini subira itakatika. Kisa cha Miiraji, ambacho bado kinasomwa msikitini kila mwaka, ni safari ya Mtume Muhammad mbingu hadi mbingu, Jibrili akiwa kiongozi, na katika kila mlango kuna malaika mlinzi anayeuliza nani amekuja. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, inamalizikia katika mioto ya Jahannamu, ikitajwa kwa majina yake. Vijana walizisikia tendi hizi zikisomwa kwa sauti, usiku, mbele ya watu wazima, na hakuna aliyesema zifungiwe.

Tena yupo na mwana wa Tanga. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alichapisha Adili na Nduguze mwaka 1952. Kila usiku Adili anawachapa manyani wawili, kisha anawalilia na kuwabembeleza, nasi tunakuja kujua kwamba manyani hao ni ndugu zake wa damu waliomfanyia uovu, wakageuzwa na jini, na kwamba kipigo kile ni amri ya jini huyo. Nimefundisha kitabu hicho miaka mingi. Kila mwaka yupo mwanafunzi anayeuliza kama Adili anatenda dhambi anapowachapa, na kila mwaka darasa linagawanyika. Ni kitabu kifupi, msingi wake umetoka katika visa vya Alfu Lela Ulela, lakini Shaaban Robert alikifanya kiwe chetu hadi majina, na bado kinamgusa mtoto wa leo mwenye simu mfukoni. Zaidi ya miaka 70 imepita. Nani amechukua kijiti kwa ajili ya vijana? Wapo waandishi wetu wakubwa walioingiza mizimu na majini katika riwaya, lakini wameandika kwa watu wazima, na kwa lugha inayohitaji mwalimu pembeni. Mtoto wa shule anaanza na sungura na fisi, kisha anarushwa moja kwa moja katika vitabu vya fasihi vya mtihani, ambavyo huvisoma akiwa na kalamu ya kupigia mstari maudhui na dhamira. Katikati hapo hapana kitu, na ndipo lile boksi la msaada linapomkuta.

Mwandishi yule amehusisha vitabu hivi na wasichana wanaoanguka shuleni na kupiga kelele. Nimeshuhudia kuanguka huko mara tatu katika maisha yangu ya kazi na si jambo la kudharau. Inatisha kumshika mtoto wa watu akitetemeka mikononi mwako. Lakini tuwe waadilifu. Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia, na kufikia katikati ya Machi walikuwa wameathirika 95 kati ya 159, shule ikafungwa. Madaktari waliochunguza hawakukuta sumu wala ugonjwa wa mwili. Riwaya hizi zilikuwa hazijaandikwa, wala watunzi wake wengi walikuwa hawajazaliwa. Wasichana wetu huanguka wanapobanwa na hofu, mitihani, njaa, na mambo ya nyumbani wasiyoweza kuyasema, na katika mara zote tatu nilizoziona hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshika riwaya.

Lipo jambo moja ambalo mwandishi hakuligusa, nami naliona ndilo zito kuliko yote aliyoyataja. Katika riwaya nyingi za kundi hili yupo kijana mzuri wa sura, malaika aliyeasi au mwenye damu ya shetani, anayemfuata msichana kila aendako, anamwangalia akiwa amelala, anamficha ukweli na kumtisha, kisha kitabu kinamtaka msomaji aamini kwamba hayo ndiyo mapenzi. Kwa Kiswahili kiumbe huyo ana jina, naye ni jini mahaba. Kwetu hakuna anayemwonea wivu binti mwenye jini mahaba. Wachumba wanamkimbia, ndoa hazikai, usiku hana usingizi, na jamaa zake wanatafuta kisomo au mganga wa kumwondoa. Hekima yetu imeshapima mapenzi ya namna hiyo ikayaita maradhi, wakati vitabu vile vinayaita bahati.

Nililisema hilo maktabani siku moja, tukiwa na wasichana kumi na mmoja na wavulana wanne. Palikuwa na ukimya, kisha mazungumzo yakawaka kwa zaidi ya saa nzima. Wengine walikitetea kitabu kwa nguvu, wakasema yule kijana wa riwayani anabadilika mwishoni. Wengine wakauliza itakuwaje asipobadilika. Mwishowe msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, alisema anamjua jini mahaba asiye jini. Ni dereva wa bodaboda anayemsubiri rafiki yake nje ya geti kila jioni, anajua ratiba yake ya masomo yote, na amemwambia kwamba akipanda pikipiki ya mtu mwingine atajuta. Jioni ileile nililifikisha jambo hilo kwa mwalimu wa malezi na ushauri nasaha, na wazazi wakaitwa. Mhariri, kama riwaya ile ingekuwa imeondolewa rafuni, na kama neno jini mahaba lisingekuwapo katika lugha yetu, sijui lile lingesemwa lini, wala mbele ya nani.

Ndiyo maana naomba mambo haya yafanyike. Wakuu wa shule wasiondoe vitabu; waweke mtu mzima maktabani atakayekaa na vijana na kuzungumza nao juu ya wanachosoma, hata mara moja kwa wiki. Wachapishaji watafute miswada ya vijana wa miaka 13 hadi 18, yenye kisa kinachokimbia, kurasa 150 hivi, isiyobebeshwa maswali ya mazoezi mwishoni mwa kila sura. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza na riwaya na ushairi, ikaongeza hadithi za watoto, na huo ulikuwa uamuzi mwema. Kati ya mtoto na mtu mzima yupo kijana, naye apewe fungu lake linalotajwa kwa jina. Nawasihi pia viongozi wa dini wasikatae kushauri watunzi. Mtunzi anayetaka kumweka Jibrili au Mikaili katika riwaya anahitaji kujua pa kusimama ili asiwakwaze waumini, na njia salama ipo wazi: asimulie habari za majini na binadamu, malaika wabaki katika heshima yao, wakionekana kwa mbali. Watunzi wa tendi waliijua njia hiyo. Nasi tukiulizana mapema, kitabu hakitapigwa marufuku baada ya kuchapwa.

Na wewe Mhariri nakuomba robo ukurasa kila Jumamosi kwa hadithi ya vijana yenye kuendelea. Magazeti ya Kiswahili yana jadi hiyo. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa likichapa mashairi na hadithi za wasomaji, na wengi wa kizazi cha wazazi wangu walijifunzia humo ladha ya lugha. Robo ukurasa ni maneno mia sita hivi. Kijana atalinunua gazeti lako kwa sababu ya maneno hayo mia sita, na nina hakika atasoma na habari zilizolizunguka.

Yule binti ameanza kuandika ya kwake. Daftari ni la kurasa 96, naye amejaza 19 kwa penseli ili aweze kufuta. Msichana wa Amboni anamfuata mbuzi wake pangoni na kukuta ngazi inayoshuka hadi baharini, na mlangoni amesimama kibwengo aliyekatazwa na wenzake kurudi kwenye maji. Amekwama hapo, kwa sababu anataka kibwengo ale chakula ambacho kibwengo hula kweli, na mimi niliyemweleza habari zote hizi nimeshindwa kumjibu. Bibi yangu angejua. Kama wapo wazee wa Pangani, Mkinga, Mtang'ata au kwingineko pwani waliosikia kwa wazazi wao kibwengo hupenda kula nini na huogopa nini, naomba waandike kupitia ukurasa huu. Shule inafungua Jumatatu ya wiki ijayo, na nitalikata gazeti nimpelekee.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mwalimu mstaafu na mtunza maktaba,
Tanga.